Barbara Johns na Kaunti Iliyofunga Shule

Nikiwa mwaka wa pili chuoni tuligoma. Jina la chuo halina haja hapa. Maji yalikuwa yamekatika hosteli kwa karibu wiki tatu, tukawa tunabeba mitungi kutoka ng'ambo ya barabara kama watu wa harusi, na usiku mmoja kamukunji ikaitwa mesini. Nilipanda juu ya meza nikaongea. Niliyoyasema siyakumbuki vizuri, makofi nayakumbuka sana. Kesho yake asubuhi madirisha yalivunjwa, polisi wakaja, chuo kikafungwa, tukapewa saa chache tuwe tumeondoka.

Kilipofunguliwa, kila mwanafunzi alitakiwa alipe faini ya uharibifu kabla ya kusajiliwa upya. Aligoma, hakugoma, wote bei moja. Mwenzangu wa chumba usiku ule wa kamukunji alikuwa amelala. Karo yake ilikuwa ikitoka kwa mbuzi wa nyanya yake, na mbuzi walikuwa wamekwisha. Hakurudi.

Mimi nilirudi, nikasukuma mwaka mmoja zaidi, halafu nikaacha kwa sababu zangu ambazo ni hadithi ya siku nyingine. Siku hizi naandika vitu vya kulipwa kwa neno. Miezi michache iliyopita nilipewa kazi ya kuandika maelezo mafupi kuhusu kesi maarufu ya Marekani, Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka, ile ya mwaka 1954 iliyosema kuwatenganisha watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Maneno 300 tu, pesa kidogo. Lakini nilipofungua hiyo kesi nikakuta ndani yake mgomo wa wanafunzi, na nilipofuata mgomo nikakuta faini. Sijatoka humo mpaka leo.

Wengi wetu tunaijua historia hii kwa majina mawili matatu. Rosa Parks alikataa kupisha kiti kwenye basi. Martin Luther King alikuwa na ndoto. Labda Malcolm X, kwa sababu ya filamu na fulana. Sasa rudi nyuma miaka minne na zaidi kabla ya Rosa Parks, uende mji mdogo unaoitwa Farmville, kaunti ya Prince Edward, jimbo la Virginia. Sehemu ya wakulima wa tumbaku. Hapo mwaka 1951 kulikuwa na shule ya upili ya watoto weusi iliyoitwa Robert Russa Moton.

Moton ilijengwa mwaka 1939 kwa wanafunzi 180. Kufikia 1951 ilikuwa na zaidi ya 450. Haikuwa na maabara, haikuwa na kantini, haikuwa na ukumbi wa michezo. Upande wa pili wa mji, shule ya upili ya Wazungu ilikuwa na hivi vyote. Wazazi weusi walipolalamika kuhusu msongamano, baraza la elimu halikujenga madarasa. Lilijenga vibanda vya mbao na kuvifunika kwa karatasi nzito iliyopakwa lami, ile ya kuzuia maji kwenye mapaa. Watu waliopita barabarani walidhani ni mabanda ya kuku. Mvua ikinyesha yalivuja. Wakati wa baridi kulikuwa na jiko moja ndani: aliyekaa karibu nalo aliungua, aliyekaa mbali alisoma na koti mwilini. Mabasi yao yalikuwa yale yaliyochakazwa na shule ya Wazungu kwanza.

Ukisoma hapo na wewe ulipitia darasa la mabati lenye watoto themanini, huhitaji kuelezewa zaidi.

Barbara Johns alikuwa na miaka 16. Alikuwa msichana mkimya, mpenda vitabu, anayelea wadogo zake shambani. Baadaye aliandika kwamba asubuhi moja aliachwa na basi, akasimama kando ya barabara akiomba lifti, na basi la shule ya Wazungu likampita likiwa nusu tupu. Alikuwa pia amemlalamikia mwalimu wake wa muziki kuhusu hali ya shule, na mwalimu akamuuliza: kwa nini usifanye jambo? Mwanzoni aliona amepuuzwa. Halafu swali likamkaa kichwani.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinaniuma mimi kama mtu aliyewahi kusimama juu ya meza. Barbara hakuanza kwa kelele. Alichagua wenzake wachache, akiwemo John Stokes na dada yake Carrie, aliyekuwa kiongozi wa baraza la wanafunzi, wakakutana kwa siri kwa miezi. Hawakuwaambia wazazi. Hawakuwaambia walimu. Kijiji kizima, na hakuna aliyetoboa.

Tarehe 23 Aprili 1951 simu ililia ofisini kwa mwalimu mkuu, Boyd Jones. Sauti ikamwambia kuna wanafunzi wake wako mjini, wameingia matatani na polisi. Jones akatoka mbio. Ilikuwa uongo, na alipotoka tu, karatasi zilipelekwa kila darasa kuita paredi ya shule nzima. Chini kulikuwa na herufi moja: J. Mwalimu mkuu alikuwa akitia sahihi hivyo hivyo. Na Johns pia inaanza na J, kwa hiyo huwezi hata kusema alighushi.

Wanafunzi wakajaa ukumbini. Pazia la jukwaani likafunguka, na badala ya mwalimu mkuu alisimama msichana wa miaka 16. Aliwaomba walimu watoke. Akavua kiatu akakigonga kutaka utulivu. Akawaambia wanachokijua wote: kwamba hali hii haitabadilika wenyewe wakikaa, na kwamba wakitoka wote pamoja, jela ya mji haina nafasi ya kuwatosha. Wakatoka. Zaidi ya wanafunzi 450, hakuna kioo kilichovunjwa.

Siku hiyo hiyo waliandika barua kwa mawakili wa NAACP mjini Richmond. NAACP ndicho chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi kule, na mawakili wake Virginia walikuwa Oliver Hill na Spottswood Robinson. Soma tena: siku hiyo hiyo. Sisi tulikuwa na hasira na mashuka ya kuandikia mabango. Hakuna aliyeandika barua kwa wakili yeyote.

Siku mbili baadaye Hill na Robinson walipitia Farmville wakiwa safarini kuelekea kesi nyingine. Walikuwa wameamua kuwashauri hawa watoto warudi darasani. Walikutana nao kanisani kwa Mchungaji Francis Griffin, wakatoka wamebadilisha nia. Ila walitoa sharti. Wanafunzi walikuwa wanadai shule mpya, nzuri kama ya Wazungu. Mawakili wakasema hatutashtaki kuomba jengo, tutashtaki kuomba utengano wenyewe uondolewe. Mko tayari? Na wazazi wenu wako tayari?

Hilo ni swali zito kwa mtoto. Shule nzuri ni kitu ambacho hata Mzungu mkaidi angeweza kukupa ili unyamaze. Kukaa dawati moja na mtoto wake ni kitu kingine kabisa. Mkutano mkubwa ukaitwa kanisani tarehe 3 Mei. Wapo wazee waliosimama kuonya kwamba hii itawaletea watu balaa. Barbara alisimama akajibu. Wazazi wakatia sahihi. Tarehe 7 Mei wanafunzi walirudi darasani, wiki mbili baada ya kutoka, na kabla ya mwezi kwisha kesi ilikuwa mahakamani kwa niaba ya wanafunzi 117.

Malipo yalianza papo hapo. Msalaba ulichomwa kwenye uwanja wa shule, na kule kila mtu mweusi alijua msalaba unaowaka una maana gani. Mwalimu mkuu Jones, ambaye kosa lake lilikuwa kupokea simu, alipoteza kazi. Barbara akaanza kutishiwa, na wazazi wake wakampeleka mbali, Montgomery, Alabama, kwa ami yake Vernon Johns. Huyu ami alikuwa mchungaji mkali wa kanisa la Dexter Avenue. Alipoondoka, kanisa lilimwajiri kijana mmoja mgeni mwaka 1954. Jina la huyo kijana: Martin Luther King.

Kesi yenyewe ilishindwa kwanza. Mwaka 1952 majaji wa Virginia walisema utengano ni desturi ya siku nyingi, na kaunti irekebishe tu majengo. Kaunti ikajenga haraka haraka shule mpya ya weusi, ikafunguliwa 1953. Yaani kile ambacho wanafunzi walidai mwanzoni walikipata. Lakini kesi ilikuwa imeshapita hapo. Iliunganishwa na nyingine nne, za Kansas, South Carolina, Delaware na Washington, zikafika Mahakama ya Upeo, na tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa wakasema kwa sauti moja: shule za kutenganisha haziwezi kuwa sawa.

Karibu robo tatu ya wote waliofungua zile kesi walikuwa watoto wa Farmville. Kesi ikabaki na jina la Brown wa Kansas.

Kama hadithi ingeishia hapa ningeandika maneno yangu 300, nikalipwa, nikalala. Maandishi mengi huishia hapa. Muziki unapanda, haki imepatikana. Tatizo ni kwamba uamuzi wa mahakama haufungui mlango wa darasa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Upeo ilisema mabadiliko yafanywe kwa kasi inayofaa, bila kutaja tarehe, na Virginia ikasikia neno moja tu: polepole. Seneta Harry Byrd, aliyelishika jimbo hilo kama shamba lake, alitangaza upinzani mkubwa dhidi ya uamuzi huo. Sheria zikatungwa za kufunga shule yoyote itakayochanganya watoto.

Mwaka 1959 mahakama iliiambia kaunti ya Prince Edward kwamba muda umekwisha, ichanganye watoto Septemba. Baraza la kaunti likakaa likapata jibu. Halikukataa amri ya mahakama moja kwa moja. Lilikataa tu kutenga pesa za shule. Hakuna bajeti, hakuna shule. Shule zote za umma katika kaunti, za weusi na za Wazungu, zikafungwa kwa mnyororo.

Watoto wa Kizungu walifunguliwa shule ya kibinafsi, Prince Edward Academy, katika makanisa na kumbi za mji, na kwa muda ikasaidiwa na ruzuku ya umma mpaka mahakama ilipoizuia. Wazungu maskini wasioweza kulipa nao waliachwa nje. Watoto weusi wapatao 1,700 hawakuwa na kitu. Si kwa muhula mmoja. Si kwa mwaka mmoja. Kuanzia 1959 hadi 1964, miaka mitano, kaunti moja ya nchi tajiri kuliko zote duniani haikuwa na shule ya umma.

Mahali hapa nilisimama nikafunga kompyuta.

Kwa sababu fikiria: waliogoma 1951 walikuwa wameshamaliza shule. Wengine walikuwa vyuoni, wengine jeshini, Barbara mwenyewe alikuwa mke wa mtu. Waliofungiwa mlango ni wadogo zao, na watoto wa majirani. Mtoto aliyetakiwa kuanza darasa la kwanza mwaka 1959 alikuwa bado hajazaliwa Barbara alipovua kiatu. Huyo hakugoma. Huyo alikuwa amelala, kama mwenzangu wa chumba.

Watu walijitahidi. Mchungaji Griffin na kanisa lake walifungua vituo vya kusomesha watoto kwenye vyumba vya chini vya makanisa. Chuo cha Kittrell cha North Carolina kilichukua wanafunzi kadhaa wa upili. Shirika la Waquaker lilitafuta familia katika majimbo mengine zilizokubali kumpokea mtoto wa Farmville, amlale mgeni, asome. Wazazi wengine waliandika anwani ya uongo ya shangazi aliye kaunti jirani, wakampeleka mtoto kila alfajiri avuke mpaka akadandie basi la huko. Wengi hawakuwa na shangazi. Walienda mashamba ya tumbaku, wakasubiri, na kusubiri kukawa kazi.

Msimu wa joto wa 1963 vijana wa Farmville waliandamana mitaani. Septemba mwaka huo, kwa msaada wa serikali ya Kennedy na michango ya watu binafsi, shule za bure zikafunguliwa kwa muda. Piga hesabu: aliyefungiwa na miaka 6 sasa ana miaka 10 na anaingia darasa la kwanza. Aliyefungiwa na miaka 14 ni mtu mzima wa miaka 18. Huyo ana kazi, labda ana mtoto. Utamwambia arudi akae kwenye dawati na mdogo wake?

Tarehe 25 Mei 1964 Mahakama ya Upeo ilitoa uamuzi katika kesi iliyobeba jina la familia ya Griffin: kaunti haiwezi kufunga shule zake kwa lengo la kuwanyima watoto weusi haki yao. Septemba zikafunguliwa. Miaka 13 tangu pazia lile lifunguke.

Sasa nije kwa swali lililonileta. Je, Barbara Johns alikosea? Wale wazee waliosimama kanisani wakaonya, si balaa walilolitabiri lilikuja kweli?

Nimekaa na hili swali kwa wiki. Nilipotoka chuoni nilikuwa na jibu moja la haraka: aliyefunga mlango ndiye mwenye kosa, si aliyebisha. Bado naamini hivyo. Baraza la kaunti lilikuwa na njia nyingi za kuishi na hukumu, likachagua ile inayomwumiza mtoto wa miaka 6. Na aliyetoza faini kwa waliolala alijua kabisa anamtoza nani. Adhabu ya jumla haitolewi kwa sababu mkosaji hajulikani. Inatolewa ili jirani amchukie mkosaji, na safari nyingine mtu akipanda juu ya meza, wenzake wamshushe wenyewe.

Lakini jibu hilo peke yake ni rahisi mno kwa mtu aliyepigiwa makofi. Kwa sababu aliyebisha mlango, akijua mwenye nyumba ni mtu wa aina gani, ana deni kwa walio nyuma yake. Ninachokiona Farmville ni kwamba hilo deni watu walijaribu kulilipa. Walikuwa na dai moja linaloeleweka. Walikuwa na wakili siku ya kwanza. Walikuwa na kanisa ambalo halikufungwa hata shule zilipofungwa, na mchungaji aliyebaki mjini miaka yote hiyo. Hawakuweza kuzuia balaa. Ila halikumkuta mtu peke yake kitandani, halafu wengine wakarudi darasani kama hakuna kilichotokea.

Sisi tulirudi darasani kama hakuna kilichotokea. Hata mchango hatukupitisha. Watu mia mbili waliopiga makofi, kila mtu shilingi hamsini, hiyo ni elfu kumi, na nadhani ingetosha. Hakuna aliyewaza, na mimi ndiye niliyekuwa na sauti ya kuliwaza.

Barbara Johns hakuwa mtu wa majukwaa tena. Aliolewa, akazaa watoto watano, akafanya kazi ya maktaba Philadelphia. Masomo ya chuo aliyoyaanza akiwa msichana aliyamaliza mwaka 1979 katika chuo cha Drexel, akiwa na miaka 44. Alifariki 1991. Jengo la zamani la Moton sasa ni makumbusho. Mwaka 2020 Virginia iliondoa sanamu ya Robert E. Lee, jenerali aliyepigania upande wa watumwa wabaki watumwa, iliyokuwa ikiliwakilisha jimbo ndani ya jengo la Bunge la Marekani, na ikamchagua Barbara achukue nafasi yake. Mwenye kiatu mkononi kumrithi mwenye upanga, ni sawa.

Ila picha ninayoirudia mimi ni nyingine. Mwaka 2003 kaunti iliwaita wale waliofungiwa shule, ikawapa vyeti vya heshima vya kumaliza sekondari. Wengi walikuwa na miaka hamsini, sitini na kitu. Mwaka uliofuata jimbo likaanzisha mfuko wa skolashipu kwa ajili yao. Mtu mzima na wajukuu wake, anaitwa jina, anatembea mbele kuchukua karatasi aliyonyimwa akiwa mtoto. Karatasi hairudishi miaka mitano. Lakini mtu alisimama hadharani akasema: tulikukosea, na tunajua jina lako.

Wiki iliyopita nilitafuta namba ya mwenzangu wa chumba. Nilimpata kupitia kwa mtu wa tatu. Yuko kwao, ana duka dogo la vifaa vya pikipiki, ana mtoto. Tuliongea mambo ya kawaida, mpira, bei ya mafuta. Mwishowe nikamwambia pole kwa ile faini, na kwa kuchelewa kusema. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika.

Halafu akaniuliza kama siku hizi maji yanapatikana kule hosteli.